Bibi Juu, Mimi Uvunguni

Kitanda chetu kilikuwa kinalia hata mtu akikohoa. Ukijigeuza, kiii. Ukivuta shuka, kiii-kwaa. Mbu akikung'ata ukajipiga kibao, wapangaji wote wanajua. Na nyumba zetu hizi za Temeke mnazijua: ukuta haufiki kwenye bati, silingi bodi mwenye nyumba anaiahidi tangu tuhamie, kwa hiyo siri ya chumba kimoja ni taarifa ya habari ya vyumba sita. Asubuhi nikienda bombani na ndoo, Mama Shabani ananisalimia, "Poleni na kazi, baba," kisha anajiziba mdomo kwa kanga. Kazi gani? Usiku kucha nilikuwa najikuna vipele vya joto!

Mke wangu alishazoea. Na mimi ningezoea, ila simu ikaja kutoka Muheza: mama mkwe anakuja, na anamleta bibi. Watalala sebuleni. Kati ya sebule na chumba chetu kuna ukuta huohuo usiofika juu, na mlango wenyewe ni pazia. Nikamtazama mke wangu, akanitazama, kisha sote wawili tukakitazama kitanda.

"Kishughulikie kabla hawajafika," akasema.

Tulikinunua Keko, mninga mtupu, tano kwa sita, na seremala aliapa kwamba mbao zimekauka. Ziwapi! Mbao mbichi ukiitengenezea kitanda, itaendelea kukauka chumbani kwako, na ikikauka inasinyaa. Bolti zinalegea, mfumbati, ule ubao mrefu wa ubavuni, unaachana na tendegu, yaani mguu wa kitanda, mbao zinabaki kusuguana kila ukihema. Kelele nyingine hutoka kwenye chaga, pale zinapokalia ule ubao mwembamba uliopigiliwa ndani ya mfumbati. Za chaga nilizimaliza mapema kwa mshumaa: nikausugua kwenye ncha zote mpaka zikateleza, zikanyamaza. (Kuna wanaopaka mafuta ya kula. Msithubutu. Mbao inayanywa, kelele inarudi, na sisimizi wanahamia.)

Kazi ilibaki kwenye pembe za mchagoni, upande wa kichwa. Nati zilikuwa zimefika mwisho wa uzi wa bolti. Unakaza, spana inagoma, na mfumbati bado unacheza. Hapo dawa yake ni washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu kinachovishwa kwenye bolti, ijaze ile nafasi. Washa sikuwa nazo, lakini vizibo vya soda havikosekani nyumba yenye watoto. Unakiponda kizibo kwa nyundo mpaka kinalala bapa, unakitoboa katikati kwa msumari, unakivisha kwenye bolti. Nikavipanga sakafuni, vinang'aa, nikajiona fundi.

Basi lao lilitegemewa kufika Mbezi jioni. Mke wangu akaenda gengeni. Joto la Dar nalo halina adabu, nikavua shati na suruali, nikabaki na bukta ya zamani iliyochanika palepale bukta isipotakiwa kuchanika, nikajitumbukiza uvunguni na spana namba 13. Mafundi watakwambia fungua pembe moja, ifunge, ndipo uende ya pili. Mimi nilifungua zote mbili kwa mpigo. Upande wa ukutani nikauegemeza kwenye ndoo tupu ya rangi, upande wa nje nikaubeba begani, bolti mkononi, kizibo mdomoni.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ya mama mkwe. Kumbe walipanda basi la alfajiri.

Mama Shabani akawapokea kwa bashasha. "Karibuni, mama, karibuni! Mwanenu kaenda gengeni, anarudi sasa hivi. Mwanaume sijamwona tangu asubuhi."

Ningeitikia palepale, "Nipo!", mambo yangeisha. Lakini fikirieni: mkwe ambaye hata kumpa mkono nainamisha macho, leo nimtokee kutoka uvunguni, kifua wazi, uso mweusi kwa kutu na vumbi, na bukta ile. Nikasema nisubiri, mke wangu akija atanirushia shuka. Na kadiri nilivyonyamaza, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kueleza kwa nini nilinyamaza.

Wakaingia sebuleni. Mizigo ikatuliwa, machungwa yakabingirika, mojawapo likapita chini ya pazia na kuja kunigusa kiwiko.

"Nataka kunyoosha mgongo," bibi akasema.

"Subiri, mama, nikutandikie mkeka."

"Mkeka wa nini na kitanda kipo?"

"Mama! Huko ni chumbani kwa mkwe!"

"Mkwe wako wewe. Kwangu mimi ni mume."

Pazia likafunguka. Nikaona ndala mbili, moja ya bluu, nyingine ya kijani. Zikaja taratibu, zikageuka, na bibi akaketi juu ya bega langu. Mama mkwe hakuvuka pazia, mtu wa heshima zake. Alibaki sebuleni, wakawa wanazungumza kwa sauti.

"Godoro zuri," bibi akasema, akaanza kujirusha kulipima. Kiii. Kwaa. "Lakini kitanda! Unasikia, mwanangu?"

"Nasikia, mama. Toka huko."

"Mume gani hajui hata kukaza kitanda? Marehemu babu yao alikuwa akisuka cha kamba za katani kwa mikono yake, ukilala husikii kitu. Huyu wa Dar anajua kubonyeza simu tu. Na alivyo mwembamba, hawezi hata kubeba ndoo ya maji."

Nilitamani kumwambia kwamba dakika hiyohiyo nimembeba yeye. Bega lilikuwa linawaka moto, jasho linaingia machoni, na kizibo mdomoni kina ladha ya kutu.

Bibi akafungua pindo la kanga. Kumbe ndimo anamohifadhi ugoro. Akabana kidogo, akavuta, akashukuru, kisha akalikung'uta pindo pembeni mwa kitanda. Vumbi likashuka taratibu kwenye mwali wa jua, nikiliona kabisa linakuja puani kwangu, na mikono yote imeshikwa.

Nikazuia pumzi. Nikakumbuka dua ninazozijua. Nikapiga chafya iliyorusha kizibo mpaka ukutani.

Bega likateleza. Mfumbati ukashuka, ndoo ikapinduka, chaga zikamwagika, na mchago wote ukatua chini. Bahati yangu tendegu lilizuia nisipondwe. Bibi naye aliteleza na godoro lake, kichwa chini, miguu juu, ndala ya kijani ikaruka hadi sebuleni.

Mama mkwe, aliyesikia chafya ya mwanaume chumbani kwa bintiye, hakusubiri maelezo.

"Mwiziii!"

Neno hilo Dar watu hawaulizi nani, wanauliza wapi. Mama Shabani alifika na mwiko wa ugali. Vijana wa bodaboda wa kijiweni wakaingia, mmoja na helmeti kichwani, mwingine kashika tofali. Na mimi ndiyo kwanza najiburuta kutoka uvunguni kinyumenyume, bukta ikinitangulia, spana mkononi.

"Ana chuma!" mtu akapiga kelele.

"Msimpige," bibi akasema akiwa bado miguu juu. "Ni mume wangu. Sura sijaiona, lakini kwa wembamba huo ni yeye."

Nikageuka. Mwenye tofali akanitambua, akaliweka chini taratibu. Mama mkwe alishageukia ukuta, kanga usoni, mabega yanamtetemeka. Kama ni kilio au kicheko sijathubutu kuuliza hadi leo. Nikavuta mto nikajisitiri nao, nikamwamkia hivyohivyo: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," ukuta ukanijibu.

Mke wangu aliingia na fungu la dagaa, akatutazama mmoja mmoja, akarudi nje kucheka.

Wale vijana waliokuja kuniua ndio walioshika mfumbati nikavisha vizibo na kukaza nati. Safari hii spana iligoma na mbao ikatulia, haichezi. Bibi akataka kukijaribu mwenyewe, akaruhusiwa. Kimya.

Usiku taa zimezimwa, nimeshajigeuza mara kadhaa kwa raha zangu bila mtu kujua, sauti ikatoka sebuleni.

"Mume wangu!"

"Naam, bibi."

"Mbona hatusikii kitu? Au umerudi kulala uvunguni?"

"Mama!" mama mkwe akasema gizani. "Lala!"