Tulipu Tuwaachie Wenye Baridi Yao

Wapo watu hapa Mombasa wanaolaza matunguu ya tulipu kwenye friji miezi mizima wakingojea maua. Kwangu mimi hiyo ni kazi bure. Tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati, na bila wiki 12 hadi 16 za baridi isiyozidi nyuzi 9 hivi, kikonyo chake hakirefuki. Usiku wa Julai, huo tunaojifunikia shuka mbili na kulalamika, bado kwa kawaida ni nyuzi 20 au zaidi. Na friji zetu zina maembe na ndizi. Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huua ua changa ndani ya tunguu. Ukibahatika likachanua, joto litalimaliza upesi, na tunguu lenyewe ndio basi tena. Sijagusia kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, ambacho wanaoyaleta mabegini hujifanya hawajakisikia.

Linalonikera zaidi ni mashauri ya Ulaya kufuatwa hata kwa maua yanayokubali kwetu. Chukua amarilisi, yenye ua kubwa kama tarumbeta, iliyotoka Amerika Kusini. Ulaya huingizwa ndani kabla ya jalidi kuanza. Mtu wa Kisauni akisoma hayo, naye hung'oa yake. Anaikimbiza nini? Amarilisi haidai baridi, inadai kiu. Na kiu tunayo, tena ya bure: kaskazi, Januari hadi Machi. Wakati huo acha kumwagilia, majani yanyauke yenyewe. Usiyakate yangali mabichi, maana ndiyo yanayolilisha tunguu. Sogeza chungu chini ya paa, ukisahau wiki nane hadi kumi. Masika yakikaribia, anza na maji kidogo. Ongeza chipukizi likitokeza.

Tatizo ni huruma. Nani kwetu aone chungu kikavu akipite? Maji ya asubuhi ya asumini lazima yagawanywe, na tunguu lililolala likinyweshwa kila siku huoza kimyakimya. Viweke mbali vyungu hivyo, hata ikibidi uvifiche wenye nyumba wasivione.

Mei, mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote, ndio mtihani mwingine. Ili maji yasituame chunguni, mimi huchanganya makumbi yaliyochambuliwa, samadi iliyooza vizuri na mchanga wa mto. Wa pwani una chumvi, uache huko huko. Shingo ya tunguu ibaki juu ya udongo.

Kuzidisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Vitoto vinavyoota ubavuni hutengwa vikishapata mizizi yao. Asiye na subira ya kuvingoja achukue tunguu kubwa, alikate kutoka juu hadi chini vipande vinane, kila kimoja kikiwa na sehemu ya kitako, pale mizizi inapotokea. Kipande kisicho na kitako ni cha kutupa. Vikauke kivulini siku mbili, vipake majivu, kisha uvipande kwenye mchanga wenye unyevu kidogo tu. Baada ya miezi miwili au mitatu utaona vitunguu vidogo kati ya magamba. Maua ni baada ya miaka miwili, mitatu.

Lakini nikiambiwa nichague moja, nitachagua skadoksasi, ile yenye kichwa cha duara chekundu chenye maua madogo hata 200. Huota porini sehemu nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, na kaskazi inaijua tangu zamani. Mvua ya kwanza ikigonga, inatoka ardhini bila kubembelezwa. Haipendi kung'olewa-ng'olewa, kwa hiyo ipande ukishaamua mahali. Tunda lake jekundu likiiva, limenye uipande mbegu hapo hapo; ikikauka imekufa.

Jambo moja kwa wenye majiko madogo: matunguu ya amarilisi na skadoksasi yana sumu, na yakilala kapuni kando ya vitunguu maji, mpishi mwenye haraka hawezi kuyatofautisha. Yatundike kwenye mfuko wake, mbali na jiko na mbali na mbuzi.