Waya wa betri ya moyo ukishakufa: uachwe kifuani au uvutwe?

Wenye betri ya moyo (pacemaker, kifaa kinachochochea mapigo ya moyo) huuliza sana kliniki: itaisha lini? Kwa kawaida ni miaka 8 hadi 12, na kubadilisha kasha lake ni upasuaji mdogo wa ganzi ya sehemu. Kinachosumbua zaidi miaka ikipita ni waya. Kasha limetulia chini ya ngozi ya kifua, lakini waya, wenye unene wa milimita 2 hivi, umepita ndani ya vena chini ya mtulinga na kushuka hadi ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini cha moyo upande wa kulia. Huko unapindwa kila moyo unapopiga, kama mara 100,000 kwa siku.

Pa kukatikia panajulikana: kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Daktari aliyeitoboa vena karibu mno na katikati ya kifua ameupitisha waya kwenye meno ya mkasi. Kila mkono unapoinuka kuanika nguo au kushika ndoo kichwani, mfupa na kano vinaubana. Aliyetoboa pembeni, upande wa kwapa, au aliyeipasua vena ndogo ya begani na kuuingiza waya hapo huku akiiona, ameuepusha na shida hiyo.

Mashine ya kusomea betri ndiyo inayofichua. Ukinzani wa waya mzima, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita, mara nyingi ni kati ya omu 300 na 1,000. Ukiruka ghafla kupita 2,000, fikiria chuma cha ndani kimekatika, au kichwa cha waya hakikukazwa vizuri kwenye kasha. Ukiporomoka chini ya 200, ganda la nje la waya limechubuka na umeme unavuja. Baya kuliko yote ni kelele: ncha zilizokatika zikisuguana hutoa vishindo vya umeme, betri inadhani moyo unapiga wenyewe, basi inanyamaza. Asiye na mapigo yake ya akiba anaanguka palepale. Na vipimo vinaweza kuwa safi kabisa mgonjwa akiwa amelala tuli, ndiyo maana mpimaji makini humwambia azungushe bega, abane viganja pamoja, avute pumzi ndefu, huku macho yakiwa kwenye mchoro wa umeme wa moyo.

Waya ukithibitika kuwa mbovu, mwingine mpya unaingizwa. Swali ni ule wa zamani.

Penye maambukizi hakuna mjadala. Mfuko wa chini ya ngozi unaolishika kasha ukitoa usaha, au ngozi ikilika mpaka chuma kikachungulia, vyote vitoke, kasha na nyaya zote, hata kama damu iliyooteshwa maabara haikuonyesha kitu. Bakteria wa jamii ya Staphylococcus hujijengea utando juu ya plastiki, na antibiotiki peke yake haiwamalizi humo. Kuusafisha mfuko na kushona upya, au kuhamishia kasha upande wa pili huku nyaya za zamani zikibaki, ni kuahirisha tu. Makosa haya hurudiwa kwa sababu mwanzoni yanaonekana yamefaulu: vidonge vinaanzishwa, uvimbe unapungua, baada ya miezi kidonda kinafunguka tena, na safari hii wadudu wameshaufuata waya hadi kwenye vali. (Uvimbe wa siku za kwanza baada ya upasuaji ni jambo jingine. Mara nyingi ni damu iliyovilia, na kuichoma sindano ili kuipunguza ndiyo njia ya kuwakaribisha hao wadudu.)

Mjadala wa kweli uko pale ambapo waya umekufa lakini hauna wadudu. Wanaotaka uvutwe wana hoja nzito. Vena ina nafasi yake: miongozo ya wataalamu wa Marekani inaona kuvuta kuna mantiki ikiwa waya mpya ungefanya nyaya zizidi 4 upande mmoja, au zizidi 5 kwenye vena kuu ya juu. Waya unaopita kwenye vali ya trikaspidi, mlango kati ya vyumba viwili vya kulia vya moyo, unaweza kuizuia isifunge sawasawa. Mwenye waya ulioachwa hukataliwa MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) na vituo vingi, kwa kuwa mfumo wake hauhesabiki tena kuwa umeidhinishwa, ingawa uzoefu wa karibuni kwenye mashine zenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5 unatuliza hofu kiasi. Hoja nzito kuliko zote ni kovu. Baada ya mwaka mmoja hivi waya huwa umeshaanza kushikamana na ukuta wa vena na wa moyo, na kadiri miaka inavyosonga kovu lile linaweza kuwa gumu kama chokaa. Mfuko ukiingiwa na wadudu mwaka wa 20, waya uleule utabidi utoke, tena kwa shida mara kadhaa.

Wanaosema uachwe wanaangalia jinsi unavyovutwa. Waya mwembamba wa kufungia unapenyezwa ndani ya tundu la ule wa zamani hadi nchani na kukazwa hapo ili uwe mpini. Kisha mrija wa leza au wenye meno yanayozunguka unasukumwa juu yake, ukikata kovu kidogo kidogo. Vena kuu ya juu ikichanika karibu na moyo, mgonjwa ana dakika chache tu. Rejesta ya Ulaya iitwayo ELECTRa, yenye wagonjwa 3,555 kutoka nchi 19, ilitoa matokeo mwaka 2017: madhara makubwa ya utaratibu wenyewe yalikuwa asilimia 1.7, vifo vikiwamo, navyo vilikuwa asilimia 0.5. Ni namba ndogo, lakini msizihamishie popote. Vituo vilivyovuta chini ya wagonjwa 30 kwa mwaka vilikuwa na matokeo mabaya zaidi. Mgonjwa wa Mwanza au Bujumbura ana haki ya kuuliza bila haya: mmevuta wangapi mwaka jana, na daktari wa kupasua kifua atakuwa ndani ya chumba au nyumbani kwake akisubiri simu?

Kwetu sisi umri ndio unaoamua zaidi. Mwenye miaka 30 ambaye waya wake una miaka 4 avutiwe, hata kwa kusafiri, maana mbele yake kuna nyaya na makasha mengi. Mwenye miaka 82 ambaye waya wake una miaka 18 aachiwe. Uwezekano ni mkubwa kwamba hautamsumbua kamwe. Walio katikati ndio wanaogawanya wataalamu, na hapo uzoefu wa timu una uzito kuliko kanuni. Betri ndogo isiyo na waya, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, inamwondolea mgonjwa mpya mzozo huu, lakini nayo kovu huifunika, na kuitoa baada ya miaka si kazi nyepesi.

Ukiachwa, usikatwe mfupi. Waya uliokatwa unaweza kurudi ndani ya vena, tundu lake likapotea, na atakayetaka kuuvuta baadaye hana pa kupitishia mpini. Uvalishwe kofia ya silikoni, ufungwe kwa uzi kwenye msuli na mkia wake wote ukunjwe mfukoni, na kwenye kadi ya mgonjwa iandikwe aina yake, mwaka ulipowekwa na sababu ya kuachwa.