Maua ya plastiki ya nini, na ukuta wa shule umejaa bogenvilia?

Mpwa wangu wa darasa la tatu kaja na karatasi ya mahitaji kutoka shuleni: manila, gundi, riboni na fungu la maua ya plastiki. Somo ni kazi za mikono, mada ni mazingira. Mama yake kapanda daladala hadi Kariakoo kuyanunua. Ukuta wa shule hiyohiyo umefunikwa na bogenvilia, kila asubuhi yanafagiliwa na kutupwa. Imeniuma sana.

Walimu wetu, wafundisheni watoto kukausha maua. Bogenvilia ndiyo ya kuanzia. Ile rangi tunayoisifia ni majani tu. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati. Majani hayo ni membamba kama karatasi, hayana maji mengi, kwa hiyo hukauka upesi na rangi hubaki. Mtoto aokote mchana, umande ukishakauka, ayapange kwenye gazeti kuukuu yasigusane, afunike kwa gazeti jingine, juu aweke vitabu vizito au tofali. Karatasi za kung'aa hazifai, hazinyonyi maji.

Halafu kuna kazi ya kubadilisha gazeti, na hapa ndipo ninapong'ang'ania. Kwa unyevu wa Dar, siku za mwanzo gazeti libadilishwe kila siku, la sivyo ukungu unaingia. Kila akifunua, mtoto anaona kitu. Asumini aliyoiweka nyeupe imegeuka kahawia. Haibiskasi imekuwa nyeusi nyeusi. Bogenvilia iko vilevile. "Mjomba, mbona hili limeharibika na lile halijaharibika?" Swali hilo ni sayansi tayari, na limetoka kinywani mwake mwenyewe. Ua la plastiki halimuulizishi mtoto chochote.

Baada ya wiki moja au mbili yanakuwa makavu, tayari kwa manila. Na pembeni aandike: jina la ua, mahali alipoliokota, tarehe, na jina lake mwenyewe. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna hebaria, mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa njia hiihii, na kila mmoja una maelezo yake. Mtoto wa Mbagala anaweza kuanza kazi ya mtaalamu wa mimea kwa gazeti la kufungia maandazi.

Masika ni shida, hilo sibishi. Machi hadi Mei hewa imelowa, mengi yataoza. Na mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kukagua gazeti la kila mtoto. Basi wagawe makundi, kila kundi gazeti lake. Gharama ya yale ya plastiki sitaki hata kuizungumzia, wazazi wanaijua.

Maua ya jirani yaombwe kwanza.

Mikrismasi, ile miti ya maua mekundu, huchanua kuelekea Krismasi. Petali zake zitenganishwe mojamoja, ua zima ni nene mno. Anzeni Oktoba, vuli haijakolea na shule hazijafungwa.