Picha ya mtuhumiwa ikisambaa, kesi inaweza kuharibika
Mwandishi mmoja anadai kwamba kusambaza picha za watuhumiwa kwenye makundi ya WhatsApp kunawasaidia polisi kukamata wahalifu haraka, hivyo wananchi tuzidi kufanya hivyo. Sikubaliani naye, kwa sababu baada ya kukamatwa kuna mahakama, na huko picha hiyohiyo inaweza kuiharibu kesi. Shahidi aliyekwisha kuiona sura ya mtuhumiwa kwenye simu mara kadhaa kabla ya gwaride la utambulisho, yaani pale shahidi anapotakiwa kumtambua mtuhumiwa kati ya watu kadhaa waliopangwa mstari, huenda akaitambua picha, si mtu aliyemwona usiku wa tukio, na wakili makini hataliacha jambo hilo lipite. Video nayo, ingawa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ipokelewe kama ushahidi, uzito wake hupimwa kwa namna ilivyorekodiwa, ilivyotunzwa na anavyotambulika aliyeirekodi, mambo ambayo ni vigumu kuyathibitisha ikiwa imepita katika simu za watu wengi kutoka Tunduma hadi Makambako. Hapa Mwanjelwa, Mbeya, namfahamu kijana wa bodaboda aliyekimbiwa na abiria kwa picha iliyoandikwa "mwizi", ilhali hakuwahi kushtakiwa popote. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inamlinda hata aliyeshtakiwa asitendewe kama mkosaji kabla ya kuthibitika, sembuse huyu. Mwenye video aipeleke kituoni ikiwa kwenye simu iliyoirekodi, na awe tayari kusimama kizimbani kama shahidi. Wenzangu wa Iringa na Njombe, je, wasimamizi wa makundi ya mitaa yenu huziondoa picha za namna hii?