Leseni Imeshika Sindano, Imeacha Mizizi

Katika jimbo la California, mtu anayetaka kuwatibu watu kwa akupancha, yaani tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, ni lazima kwanza amalize mafunzo ya saa zisizopungua 3,000, kati yake saa 950 zikiwa za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi, kisha afaulu mtihani wa jimbo, na hata akishapata leseni aendelee kuhudhuria masomo ya kujinoa kila muda wa kuihuisha unapokaribia. Jirani yake anayetaka kufungua duka la mitishamba ya Kichina na kuwapimia wateja mizizi, magome na mbegu za kwenda kuchemsha nyumbani hatakiwi kuwa na leseni yoyote ya utabibu, mradi asidai kwamba anatibu ugonjwa fulani. Mbele ya sheria yeye ni mfanyabiashara kama muuza majani ya chai. Mimi naona mambo hayo yamepangwa kinyume. Ukiyachunguza madhara makubwa yaliyowahi kuwapata watu kutokana na tiba za Asia nje ya Asia, utakuta sehemu kubwa yake imetoka kwenye mizizi, wala si kwenye sindano.

Mpangilio huo una historia yake. Mnamo Julai 1971, mwandishi James Reston wa gazeti la New York Times alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo mjini Beijing, na maumivu yaliyomsumbua baada ya upasuaji yakatulizwa kwa sindano. Makala aliyoyaandika akiwa bado hospitalini yaliwasisimua Wamarekani, na ziara ya Rais Nixon nchini China mwezi Februari 1972 ikaongeza shauku hiyo. Nevada ikatunga sheria ya kuitambua tiba ya Kichina mwaka 1973, ikiwa jimbo la kwanza kufanya hivyo. Huko California, tabibu Miriam Lee alikamatwa mwaka 1974 kwa kosa la kufanya kazi ya udaktari bila leseni, na wagonjwa wake wakajaa mahakamani kumtetea. Baadaye Gavana Jerry Brown akatia saini sheria iliyoiruhusu akupancha kuwa taaluma yenye leseni yake. Kilichowashangaza watunga sheria, kikajadiliwa magazetini na kuwapeleka watu mahakamani ni sindano, kwa hiyo sheria nazo zikaandikwa kuhusu sindano. Mitishamba ilikuja nyuma yake kama mzigo wa ziada: katika majimbo kadhaa mwenye leseni ya akupancha anaruhusiwa pia kumpa mgonjwa dawa za mitishamba, huku mtihani wa taifa wa mitishamba ukiwa jambo ambalo majimbo mengi hayamlazimishi mtu kulifanya.

Jambo hilo linashangaza zaidi ukikumbuka kwamba kabla ya miaka hiyo tiba ya Kichina nchini Marekani ilikuwa, kwa sehemu kubwa, tiba ya mizizi. Katika mji mdogo wa John Day, jimboni Oregon, mhamiaji aitwaye Ing Hay alifika mwaka 1887 na kwa takriban miaka 60 akawatibu wachimba dhahabu, wafuga ng'ombe na familia zao kwa kuwapima mapigo ya mshipa wa mkono na kuwachanganyia dawa za kuchemsha. Alishtakiwa kwa kutibu bila leseni, lakini baraza la wazee wa mahakama lililokuwa tayari kumtia hatiani halikupatikana, kwa kuwa waliotakiwa kumhukumu ndio hao waliokuwa wakitibiwa naye au wana ndugu zao aliowaponya. Jengo lake, Kam Wah Chung, leo ni makumbusho, na ndani yake zimo dawa za mamia ya aina katika makasha na droo zake. Chini ya kitanda chake zilikutwa hundi za zaidi ya dola 23,000 ambazo hakuwahi kuzipeleka benki. Simtaji ili kudai kwamba zama zile zilikuwa bora, kwa maana wapo pia waganga wasiojulikana majina ambao wagonjwa wao hawakupona. Ninamtaja kwa sababu ujuzi wake wote ulikuwa kwenye zile droo, na droo ndizo ambazo sheria ya leo imeziacha wazi.

Sheria ya sindano, hata hivyo, inastahili sifa yake. Mwaka 1984 katika jimbo la Rhode Island wagonjwa 35 wa kliniki moja ya akupancha waliambukizwa homa ya ini aina ya B. Leo sindano ni za kutumia mara moja na kutupa, huja zikiwa zimefungwa katika vipakiti safi, na watahiniwa katika majimbo mengi hupaswa kufuzu somo maalumu la usafi wa sindano kabla ya kupewa leseni. Mwaka 1996 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliziondoa sindano hizo katika kundi la vifaa vya majaribio, ikaziweka pamoja na vifaa vya tiba vinavyotambulika, kwa sharti kwamba zitumiwe na watu wenye sifa. Hatari nyingine ni ya kutoboa pafu: ile nukta ya kuchoma sindano iitwayo Jianjing, iliyo juu ya bega katikati ya shingo na kiungo cha mkono, iko karibu sana na ncha ya pafu, na sindano ikizama humo kwa unyoofu kwa mtu mwembamba hewa inaweza kuvuja na pafu likasinyaa. Tabibu aliyefundishwa vizuri anajua aielekeze sindano upande gani na aishie kina gani. Hili ni jambo linalopimika, linalofundishika na linaloweza kutahiniwa, na leseni inayolipima imefanya kazi yake.

Wapo wanaoipinga leseni hii kwa hoja ya kwamba serikali haina haki ya kutia muhuri tiba ambayo nadharia yake ya mishipa ya nguvu, yaani njia zinazosemekana kupitisha nguvu ya uhai mwilini, haijathibitika. Hoja hiyo ina uzito, na matokeo ya utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu maumivu ya mgongo yanaipa nguvu: asilimia 47.6 ya waliochomwa sindano katika nukta za jadi walipata nafuu, dhidi ya asilimia 44.2 ya waliochomwa kijuujuu katika sehemu zisizo nukta, na asilimia 27.4 ya waliopewa tiba ya kawaida. Anayetaka kuitetea akupancha atazishika tarakimu mbili za mwanzo na kusema zote zimeishinda tiba ya kawaida. Anayeipinga ataonyesha kwamba kati ya nukta na isiyo nukta hakuna tofauti ya maana. Wote wawili wana haki. Ila sioni ni kwa namna gani hitilafu hiyo inafuta haja ya leseni, kwa kuwa mgonjwa anayechomwa sindano chafu anaambukizwa vilevile, nadharia iwe sahihi au isiwe sahihi. Kosa la wapinzani na la watetezi ni moja: wote wanaichukulia leseni kuwa cheti cha ukweli wa tiba, ilhali kazi yake ni kumhakikishia mgonjwa kwamba aliyemshika mkono anajua wapi anaweza kumdhuru na lini ampeleke hospitali. Laiti mitihani ingeongeza maswali ya aina hiyo na kupunguza yale ya nadharia, nadhani hata wapinzani wangelegeza kamba.

Sasa turudi kwenye mizizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels ilikuwa ikiwapa wanawake vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa za kisasa na mitishamba ya Kichina. Mmoja wa mimea iliyokusudiwa kuwamo ni ule ambao wataalamu huuita Stephania tetrandra, na Wachina huuita fang ji. Lakini upo mmea mwingine, Aristolochia fangchi, ambao jina lake la sokoni ni guang fang ji, na mizizi yake ikishakaushwa na kusagwa ni vigumu kuitofautisha kwa macho. Huo wa pili ndio ulioingia kwenye vidonge. Una asidi inayoharibu figo, na zaidi ya wanawake 100 waliishia na figo zilizoharibika, wengine wakawa ni wa kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo za watu wengine. Miaka kadhaa baadaye, wanawake 39 kati yao walipokubali kuondolewa figo na njia za mkojo ambazo tayari hazikuwa na kazi, 18 walikutwa na saratani katika viungo hivyo.

Ninalotaka msomaji alishike katika kisa hicho ni kwamba walioandika dawa zile walikuwa madaktari wa kisasa wenye leseni zao halali. Leseni ya mwandika dawa haikumsaidia mtu yeyote, kwa sababu kosa lilitokea kabla ya dawa kufika mezani kwake, katika mikono ya watu ambao hakuna sheria iliyowataka wajue kuitambua mizizi. Katika mnyororo mzima kuanzia shambani, kwa msafirishaji, kwa msagaji hadi kwa mtengeneza vidonge, hakuna hatua iliyolazimishwa kuandika jina la kitaalamu la mmea na kulithibitisha kwa vipimo.

Marekani nayo ilipata somo lake kwa mmea wa ma huang, yaani efedra. Matabibu wa Kichina wameutumia kwa karne nyingi, kwa kiasi kidogo na kwa siku chache, kwa kikohozi na pumu. Sheria ya mwaka 1994 kuhusu virutubisho iliiweka mitishamba katika kundi la vyakula badala ya dawa, na ikamtwika mdhibiti jukumu la kuthibitisha kwamba bidhaa ina madhara baada ya kuwa tayari sokoni. Kampuni za vidonge vya kupunguza unene na vya kuongeza nguvu zikaukamata mmea huo, zikawauzia watu wenye afya zao wameze kila siku. Mwaka 2003 Steve Bechler, mchezaji wa besiboli wa Baltimore Orioles, alianguka akiwa mazoezini na kufariki siku iliyofuata, na efedra ikatajwa kuwa miongoni mwa sababu; mwaka uliofuata virutubisho vyenye efedra vikapigwa marufuku. Marufuku hiyo haikulenga matumizi ya kijadi ya matabibu wa Kichina, lakini jina baya liliwabaki wao, ambao hawakuwa na duka hata moja la vidonge vile.

Australia ndiyo iliyonionyesha kwamba inawezekana kufanya vingine. Jimbo la Victoria lilipitisha sheria ya usajili wa tiba ya Kichina mwaka 2000, na tangu Julai 2012 usajili huo ni wa nchi nzima, ukiwa na mafungu matatu: watoa akupancha, matabibu wa mitishamba, na wachanganya dawa za mitishamba. Fungu la tatu ndilo ninalolisifia. Mchanganya dawa ndiye anayesimama mbele ya droo na mizani, akisoma karatasi ya tabibu na kupima gramu za kila kitu kwenye karatasi zilizotandazwa mezani, pakiti moja kwa kila siku ya dozi. Ndiye anayepaswa kujua kwamba fuzi, yaani mzizi wa akoniti, ukiwa mbichi unaweza kuusimamisha moyo, kwamba lazima uwe umetayarishwa kwanza na kisha uchemshwe kwa muda mrefu ili sumu ivunjike, na kwamba mteja asiyeambiwa hivyo waziwazi ataupika kama anavyopika chai. Mtu mwenye jukumu la namna hiyo kuachwa bila mtihani wala daftari la usajili, wakati anayechoma sindano anasomeshwa saa 3,000, ni jambo ambalo sijasikia likitetewa kwa hoja yoyote ya usalama.

Najua pingamizi litakalokuja, nalo ni la haki: maduka mengi ya namna hii ni ya wazee wahamiaji, na leseni ghali yenye masharti ya shahada itayafunga yote na kuiacha biashara mikononi mwa kampuni kubwa. Katika hili California yenyewe ina jambo la kutufundisha, kwani mtihani wake wa akupancha umekuwa ukitolewa kwa Kiingereza, Kichina na Kikorea, wakati Australia inasisitiza Kiingereza. Mimi nasimama na California. Mzee anayeitambua mizizi 300 kwa kuinusa ataonyesha ujuzi wake kwa lugha aliyojifunzia, na yale machache anayopaswa kuyasema kwa lugha ya nchi, kama vile kumwelezea mhudumu wa gari la wagonjwa ni nini mteja amekunywa, yanaweza kupimwa peke yake. Mtihani wa mchanganya dawa hauhitaji miaka minne ya chuo. Unahitaji meza, mizizi iliyochanganywa makusudi na ile inayofanana nayo, na mtahini anayejua jibu.

Kwetu Tanzania sheria ilianza kwa upana zaidi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza lenye mamlaka juu ya watoa tiba, vituo vyao na dawa zao kwa pamoja, na kliniki za Kichina zilizoenea Dar es Salaam tangu miaka ya 1990 zinaingia humo. Ni jambo jema, hasa kwa kuwa wateja wengi wa kliniki hizo hawafuati sindano hata kidogo. Wanafuata vidonge vilivyokwisha kufungwa kiwandani. Nimeshika kichupa kimoja cha aina hiyo ambacho maandishi yake yote yalikuwa ya Kichina isipokuwa kibandiko kidogo chenye idadi ya vidonge vya asubuhi na jioni, na mwenye nacho hakujua anameza mmea gani. Kama Baraza lingeniuliza lianzie wapi, ningelishauri liache kwa muda kuhesabu vyeti vya ukutani na kuanza na vichupa hivyo: kila kimoja kiwe na jina la kitaalamu la kila mmea uliomo, uzito wake, namba ya toleo na nchi kilikotengenezwa, kwa Kiswahili, na kisichokuwa na maandishi hayo kisiuzwe.