Mkondo wa matukio ukibadilishwa, mzigo aubebe nani?

Mtandao wa kijamii unapotangaza kwamba API yake (mlango ambao programu za watu wengine huchotea data) ya matukio ya papo kwa papo, yaani mkondo, inabadilika, ugomvi unaozuka karibu kila mara ni wa tarehe. Wenye mtandao wanasema siku 60 zinatosha, wasanidi programu wanadai miezi sita, na mwishowe tarehe inasogezwa kidogo. Tarehe ina uzito wake, lakini siyo inayoamua nani ataumia. Yanayoamua ni mawili: mkondo wa zamani na mpya itakwenda sambamba kwa muda gani, na je, tukio lililokupita ukiwa haupo hewani unaweza kulipata tena?

API ya kawaida unaiuliza, inakujibu. Ikibadilika nawe ukakosea, unapata hitilafu, unarekebisha, unauliza upya, na data uliyoitaka bado iko palepale. Mkondo haufanyi hivyo. Programu yako inafungua muunganisho mmoja wa HTTP au WebSocket, njia ambazo programu na seva huongea, inauacha wazi kwa saa nyingi, na kila chapisho jipya au ujumbe uliofutwa unashuka wenyewe pale unapotokea. Ukikatika dakika kumi, hizo dakika kumi zimekwenda, isipokuwa kama mwenye mkondo amekuwekea njia ya kuzirudia.

Tuwasikilize kwanza wenye mtandao, maana hoja zao hupuuzwa haraka mno. Kutunza umbo la zamani la mkondo si sawa na kuacha ukurasa wa zamani kwenye seva. Kila tukio lazima liandikwe upya kwa kila umbo ambalo bado lina wasomaji, kisha lisukumwe kwenye maelfu ya miunganisho iliyo wazi muda wote. Twitter (leo X) ilipopanua chapisho kutoka herufi 140 hadi 280, Novemba 2017, haikuweza kurefusha tu sehemu ya text, ile inayobeba maneno, kwani programu iliyotenga nafasi ya herufi 140 kwenye hifadhidata ingegoma. Kwa hiyo kwenye mkondo text ilibaki fupi, imekatwa, na alama truncated ("imekatwa") ikawekwa true ("ndiyo"). Maneno kamili yakaingizwa kwenye sehemu nyingine, extended_tweet, chini ya full_text. Programu za zamani hazikuvunjika. Gharama yake ni kwamba sehemu kubwa ya kila chapisho refu sasa ilisafirishwa mara mbili.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi, nayo ni faragha. Baada ya sakata la Cambridge Analytica, kampuni iliyojipatia data za mamilioni ya watumiaji wa Facebook, kulipuka Machi 2018, Facebook na Instagram zilifunga au kubana milango kadhaa ya API ndani ya siku chache. Kikomo cha Instagram kilishuka kutoka maombi 5,000 hadi 200 kwa saa kwa kila mtumiaji, bila notisi. Wasanidi walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini mtu anayedai notisi ya siku 90 kabla ya kuziba tundu linalovujisha data za watu anaomba tundu libaki wazi siku 90, na anayeilipia hiyo notisi ni mtumiaji ambaye hata hajui API ni nini. Hapo mimi nawapa wenye mtandao haki yao, ila kwa sharti moja: wataje kilichozibwa, na wasitumie jina la dharura kupitisha mabadiliko ya biashara.

Sasa upande wa wasanidi. Hitilafu inayoonekana hutibika asubuhi hiyohiyo. Inayotesa ni ile isiyotoa kosa lolote. Chukua hayo mabadiliko ya herufi 280. Programu iliyosoma text peke yake iliendelea kupokea machapisho kama kawaida. Ilichokosa ni mkia wa kila chapisho refu. Msanidi makini aliweka sharti: truncated ikiwa true, soma full_text. Bado alikosa, kwa sababu chapisho lililosambazwa na mtu mwingine mara nyingi lilikuja na truncated ikiwa false kwenye ngazi ya juu, huku maneno yake yamekatwa. Yale kamili yalikaa ndani ya retweeted_status, sehemu inayobeba chapisho la asili, kwenye extended_tweet ya humo. Anayechambua maneno angekusanya kwa wiki kadhaa kabla ya kushangaa mbona sentensi nyingi zinaishia njiani.

Mfano mwingine ni wa Novemba 2010, Twitter ilipohamia vitambulisho (namba za kutambulisha kila chapisho) vya biti 64, yaani virefu zaidi. Lugha ya programu ya JavaScript hutunza namba nzima kwa usahihi hadi 2 kwa kipeo cha 53 tu, yaani 9,007,199,254,740,992. Ongeza moja juu ya hiyo, inarudi kuwa ileile. Kitambulisho kinachovuka hapo hubadilika tarakimu za mwisho bila onyo, na jibu lako linakwenda kwenye chapisho lisilokuwepo. Dawa ilikuwa sehemu ya id_str, namba ileile kama maandishi. Kuongeza sehemu hiyo kulikuwa mabadiliko salama kabisa. Hatari ilikuwa kwa asiyejua kwamba inabidi ahamie huko.

Discord nayo, mtandao wa mazungumzo ya makundi, kuanzia Septemba 2022 iliondoa maudhui ya ujumbe kwa boti (programu zinazojiendesha ndani ya makundi) zisizo na ruhusa maalumu. Tarehe ya awali ilikuwa 30 Aprili mwaka huo, ikasogezwa hadi 31 Agosti. Matukio hayakukoma: kitambulisho kilikuja, mwandishi alikuja, saa ilikuja, lakini content, embeds na attachments (maneno, vipachiko na viambatisho) zikawa tupu, isipokuwa kwenye ujumbe wa faragha na ule unaoitaja boti yenyewe. Kipimo cha ujumbe kwa dakika kingeonyesha kila kitu kiko shwari. Aliyeomba ruhusa asiyopewa alikuwa na nafuu, kwa sababu muunganisho wake ulifungwa na namba 4014 na akajua mara moja. Naona Discord ilikuwa sahihi katika uamuzi wenyewe, maana boti ya kupiga muziki haina sababu ya kusoma mazungumzo yote ya kundi. Mbinu ya sehemu tupu ndiyo yenye walakini. Sehemu iliyoondolewa kabisa huivunja programu pale inaposomwa. Sehemu tupu inafanana na ujumbe halali usio na maneno.

Kuna pia mabadiliko yanayogeuza mwelekeo wa muunganisho, na hayo hakuna notisi inayoweza kuyatibu. Twitter ilipozima User Streams, mkondo wa matukio ya akaunti ya mtumiaji mmoja mmoja, Agosti 2018, tarehe iliyosogezwa kutoka 19 Juni hadi 16 Agosti, mbadala uliotolewa ulitumia webhuku: badala ya programu kufungua mkondo, mtandao ndio unaopiga hodi kwenye seva yako kila kitu kinapotokea. Seva hiyo lazima iwe wazi kwenye intaneti kwa HTTPS, na ijibu swali la uthibitisho ndani ya sekunde tatu kwa sahihi ya HMAC ya SHA-256, inayokokotolewa kwa ufunguo wa siri. Kampuni yenye seva inamaliza hilo kwa siku mbili. Programu iliyoko kwenye simu ya mtu haina anwani ya kupigiwa hodi; inahitaji seva ya katikati, inayolipiwa na kulindwa, ya kupokea kwa niaba ya kila mtumiaji. Tena mbadala huo haukuleta kabisa machapisho ya watu unaowafuata, jambo ambalo ndilo lilikuwa uhai wa programu za kusomea Twitter kama Tweetbot na Twitterrific. Hata zingepewa miaka miwili ya notisi, zingefika palepale.

Je, kuzima kwa majaribio kunasaidia? Kabla ya kufunga toleo la 1 la API yake, 11 Juni 2013, Twitter ililizima kwa vipindi vifupi vilivyotangazwa ili waliolala waamke. Kwa API ya kuuliza na kujibu, mbinu hiyo ni nzuri: maombi yanakataliwa, simu ya mhandisi inalia. Kwenye mkondo inapungua makali, na sababu yake inachekesha kidogo. Programu iliyoandikwa vizuri imefundishwa kuvumilia kukatika. Mwongozo wa zamani wa mkondo wa Twitter ulisema hivi: mtandao ukikatika, jaribu tena ukiongeza milisekunde 250 kila mara hadi sekunde 16, seva ikirudisha kosa la HTTP, anza na sekunde 5, rudufu hadi 320, ukipata kosa namba 420, yaani umezidisha maombi, anza na dakika nzima. Programu inayotii hayo itapita kwenye kuzimwa kwa dakika tano kimyakimya, ikaunganika tena, na asubuhi hakuna anayejua kilichotokea. Aliyejenga vizuri ndiye asiyesikia onyo. Zaidi ya hapo, kila jaribio la kuzima linafuta matukio halisi ya watu. Mkondo usio na njia ya kurudia haupaswi kuzimwa kwa majaribio. Upunguzwe tu, tuseme tukio moja kati ya kumi lisije, huku mkondo mpya ukiwa kamili. Na onyo lipite ndani ya mkondo wenyewe kama ujumbe wa aina yake, kwa sababu barua pepe ya akaunti ya msanidi mara nyingi ni ya mtu aliyekwisha kuacha kazi.

Hapa wasanidi nao wana deni. Ujumbe wa aina mpya ndani ya mkondo huziangusha programu zinazodhani kila mstari wa JSON (muundo wa maandishi ambao data husafirishwa nao) ni chapisho. Mkondo wa Twitter tangu zamani ulikuwa na mistari ya kufuta, ya kikomo, ya onyo kwamba unasoma polepole, hata mistari mitupu kila sekunde 30 ya kuonyesha kwamba muunganisho bado uko hai. Aina usiyoijua iruke, lakini ihesabu. Sehemu mpya ndani ya tukio isikuvunje kamwe. Anayedai notisi kwa ajili ya sehemu iliyoongezwa anadai asichostahili.

Kazi ya kuhama yenyewe inakwenda vizuri ikifuata mpangilio huu. Tenga kipokezi na kichakataji: kipokezi kiandike kila mstari kama ulivyofika, kabla ya kuufasiri, kwenye foleni au faili lenye saa. Ukikosea kufasiri leo, kesho unarudia kutoka kwenye ghafi, mradi agizo la kufuta likija ulitekeleze kwenye ghafi hiyo pia. Unganisha mkondo mpya pembeni ya ule wa zamani, kila mmoja na foleni yake, kisha ondoa marudio kwa kitambulisho kilichotunzwa kama maandishi. Usilinganishe jumla tu. Linganisha kwa aina ya tukio, dakika kwa dakika, na kwa kila sehemu muhimu pima asilimia ya zilizo tupu. Hicho ndicho kipimo ambacho kingenasa kisa cha Discord ndani ya saa moja. Acha hivyo angalau wiki mbili, ili mwisho wa juma na saa za msongamano vipite zaidi ya mara moja. Kengele ya ukimya nayo iwepo: sekunde 90 bila hata mstari mtupu, kata na uunganishe upya. Kwenye muda wa kusubiri ongeza kiasi cha kubahatisha, la sivyo programu zote zilizokatwa pamoja zitarudi pamoja na kuilemea seva kwa mara ya pili.

Kurudia matukio ndiko kunakotofautisha mitandao. Discord inakuruhusu kuendelea na kikao kwa kutaja kitambulisho chake na namba ya tukio la mwisho ulilopokea. Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, inatumia kishale (namba ya mahali ulipofika) kwenye mkondo wake mkuu, unaanzia ulipoachia mradi hujachelewa kupita kiasi cha akiba. Webhuku za Facebook hurudia kujaribu kwa saa 36 kabla ya kukata tamaa, kwa hiyo usishangae tukio moja kuja mara mbili. Mtandao wenye uwezo huo unaweza kubadilisha mambo kwa notisi fupi na asiumie mtu. Usio nao unapaswa kuendesha mikondo miwili sambamba. Kwa maoni yangu siku 90 kamili, zikihesabiwa tangu mpya ulipotoa kila kilichokuwemo kwenye wa zamani, si tangu tangazo lilipobandikwa.

Swali linalobaki ni la bei, na hapo ufundi haufiki. Tarehe 2 Februari 2023 Twitter ilitangaza kwamba API ya bure ingekoma wiki moja baadaye. Tarehe ikateleza, na mwishoni mwa Machi vikaja viwango vipya, Basic ikiwa dola 100 kwa mwezi. Mkondo wenye kuchuja, unaoleta machapisho yanayolingana na vigezo vyako tu, haukuwemo humo. Ulikuja na kiwango cha Pro mwezi Mei, kwa dola 5,000 kwa mwezi. Mtandao una haki ya kutoza: miunganisho inayokaa wazi mchana na usiku ina gharama, na wapo walioigeuza data ya bure kuwa bidhaa ghali. Lakini kuruka kutoka sifuri hadi dola 60,000 kwa mwaka si jambo ambalo mikondo miwili sambamba inaweza kulilainisha. Anayelipa kiasi hicho ana nguvu ya kudai, basi aidai kabla ya kusaini: siku za mikondo kwenda sambamba, muda wa akiba ya kurudia, na onyo linalopita ndani ya mkondo. Mkataba unaotaja asilimia ya upatikanaji (muda ambao huduma iko hewani) peke yake utatimizwa kikamilifu hata siku ambayo kila tukio linafika likiwa tupu.