Saa 15 za Kigali: Je, Zinahitaji Muhula Mzima wa Maandalizi?

Katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya sekondari hapa Kampala, mapema muhula huu, ajenda iliyopangiwa dakika kumi ilimaliza zaidi ya saa nzima. Walimu walikuwa wamependekeza kwamba wanafunzi wa kidato cha pili watakaosafiri kwenda Kigali wahudhurie kwanza kipindi kimoja cha maandalizi kila wiki kwa muhula mzima, na kwamba atakayekosa zaidi ya vipindi vitatu abaki nyumbani hata kama ameshalipa. Mzazi mmoja alisimama akasema watoto wanakwenda kutembea, hawaendi kufanya mtihani, na ukumbi ukampigia makofi. Mimi sikupiga, lakini nilielewa kwa nini wenzangu walipiga.

Hoja zao zina uzito. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umejaa miradi na kazi za darasani zinazohesabiwa katika alama za mwisho, na watoto hawa ndio waliokuwa shule ya msingi wakati shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022. Mzazi aliyemwona mwanawe akikaa nyumbani karibu miaka miwili ana haki ya kuilinda kila saa ya darasa. Wapo pia waliosema, na sioni ubaya wa kusema hivyo, kwamba raha ya safari ni kukutana na jambo usilolitarajia, na kwamba mtoto aliyesimuliwa kila kitu kabla ya kuondoka hatashangazwa na chochote. Hoja nzito kuliko zote, iliyotolewa na mama mmoja kwa sauti ya chini, ilikuwa kwamba zaidi ya nusu ya darasa haitasafiri kwa sababu wazazi wao hawana pesa. Mtoto wake ni mmoja wao, na vipindi vya maandalizi vingemkumbusha kila wiki, kwa wiki 12 mfululizo, kwamba yeye haendi. Hoja hiyo nitairudia, kwa maana ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nionavyo, sehemu kubwa ya upinzani ilitokana na neno lenyewe, maandalizi. Wengi wetu tukilisikia tunafikiria karatasi: pasipoti, barua ya ridhaa iliyosainiwa na wazazi wote wawili, namba ya NIRA (mamlaka ya vitambulisho na usajili) ya mtoto ambaye hajafikisha miaka 16 na kwa hiyo hana kitambulisho cha taifa mkononi, kisha orodha ya soksi na sweta. Kazi hiyo ni ya lazima, na shule inayoianza wiki mbili kabla ya safari inajitafutia balaa, lakini hakuna aliyeomba muhula mzima kwa ajili yake. Walimu waliomba muda wa kitu kingine, na kwa bahati mbaya hawakukieleza vizuri. Ndiyo sababu naandika.

Tuanze na hesabu, ambayo niliifanya usiku ule ule nyuma ya karatasi ya ajenda. Basi linaondoka Kampala Alhamisi saa kumi na moja alfajiri na kurudi Jumapili saa tatu usiku. Hizo ni saa 88. Njia ya Masaka, Mbarara, Kabale na Katuna ni takriban kilomita 510, na ukiongeza foleni ya mpakani, vituo vya choo na chakula, watoto watakaa ndani ya basi kama saa 11 kwenda na 11 kurudi. Zinabaki 66. Usiku tatu za kulala saa nane nane zinaondoa 24, zinabaki 42. Jioni ya kufika na asubuhi ya kuondoka hazina faida kubwa, kwa kuwa ni kugawana vyumba, kutafuta begi lililopotea na kufunga mizigo, tuondoe 10. Siku mbili kamili za katikati, Ijumaa na Jumamosi, zina milo, kuoga, kupanga mstari na kuhesabiwa kila mnapopanda na kushuka, nazo kwa uchache zitakula 10 nyingine. Zinabaki 22. Ondoa safari za ndani ya jiji na muda wa kununua zawadi, utabaki na saa 15 hivi za kuona na kusikia.

Saa 15 ndizo tunazozinunua kwa pesa zile zote. Safari ikiangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi yake ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya umma, ambapo maduka hufungwa na barabara huwa tupu hadi karibu na adhuhuri. Shule isiyojua hilo itapoteza nyingine tatu hotelini. Hata saa moja tunayoongezewa tukivuka Katuna, kwa kuwa saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu, tunanyang'anywa tukirudi. Nimeipitia hesabu hii mara nyingi nikitafuta mahali nilipopunja, na kila nikirudia najikuta nimekuwa mkarimu. Vipindi 12 vya walimu, vya saa moja kila kimoja, vinakaribia kulingana na muda wote ambao mtoto atakuwa anaiona Rwanda kwa macho yake. Waliopiga makofi waliona kwamba maandalizi ni marefu mno kwa safari fupi. Mimi naona kwamba safari ni fupi mno kwa mtoto kwenda bila kujua anatazama nini.

Chukua saa mbili tu kati ya zile 15, zile za Gisozi, mtaa wa Kigali yaliko makumbusho. Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali yalifunguliwa mwaka 2004, na katika makaburi yake wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Ndani kuna chumba cha watoto chenye picha za watoto waliouawa mwaka 1994, na chini ya picha kumeandikwa jina, chakula alichokipenda mtoto huyo, mchezo aliouzoea, na jinsi alivyouawa. Mwanafunzi wa miaka 14 atasimama mbele ya picha ya mtoto mdogo kuliko mdogo wake. Ikiwa hakuna aliyemwambia atakachokiona, atafanya moja kati ya mambo mawili ambayo watoto hufanya wanapozidiwa: atalia bila kujua amwendee nani, au atacheka na kupiga picha na wenzake. La pili litawaumiza wenyeji walio karibu, ambao huenda mmoja wao amekuja kumtembelea ndugu yake. Sidhani mtoto anayecheka pale ana roho mbaya. Nadhani sisi wakubwa tumemwingiza mahali ambapo hata mtu mzima huingia akiwa amejiandaa.

Lipo jambo dogo zaidi linalonitia hofu kubwa zaidi. Hapa kwetu kumuuliza mtu kabila lake ni sehemu ya kujuana. Mtoto wa Kampala akikutana na mwenzake basini atamuuliza jina, shule, kisha "wewe ni kabila gani?", na atajibiwa Muganda, Mteso, Mlugbara au Munyankole bila mtu kukunja uso. Nchini Rwanda vitambulisho vilivyokuwa na kabila la mwenyewe vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani afe, na baada ya 1994 kabila likaondolewa kabisa kwenye kitambulisho. Mtoto wetu akimuuliza mwanafunzi wa Kigali swali lile lile, kwa tabasamu lile lile, amegusa kidonda ambacho wazazi wa yule mwenzake wamekilea kwa miaka 30. Huwezi kufundisha hili kwa kutangaza katazo kwenye kipaza sauti cha basi mkikaribia Katuna. Mtoto akiambiwa tu "msiulize kabila" atauliza kwa nini, na jibu la kweli linahitaji zaidi ya kipindi kimoja, kwa sababu linahusu wakimbizi wa Rwanda waliopokelewa hapa Uganda, katika makazi ya Nakivale, tangu mwisho wa miaka ya 1950, vita vilivyoanzia mpaka wetu Oktoba 1990, na hata mpaka wa Katuna uliofungwa kwa karibu miaka mitatu, kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022. Watoto wamesikia vipande vya habari hizo mezani nyumbani, na si vyote walivyosikia vina heshima.

Nirudi kwa yule mama na mwanawe asiyesafiri. Kama vipindi hivi vitakuwa vya waliolipa peke yao, basi yeye yuko sahihi na walimu wamekosea, na ningepiga kura upande wake. Kutenga kundi la wenye pesa na kulifundisha historia ya jirani huku wenzao wakifagia uwanja ni jambo ambalo shule haipaswi kulifanya. Lakini nikayatazama yale yaliyoorodheshwa na walimu: salamu, historia, ramani, adabu za mahali pa maombolezo, namna ya kuuliza na kusikiliza. Hakuna hata moja linalohitaji pasipoti. Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili kwa mtaala huu mpya, nacho Rwanda kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi tangu 2017. Sehemu kubwa ya maandalizi inaweza kukaa ndani ya vipindi vya Kiswahili na historia ambavyo darasa lote linahudhuria, bila saa hata moja kuibwa. Hapo mambo yanaweza hata kugeuka: katika darasa la mwanangu yuko kijana wa Kisoro ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya wasafiri, na Kifumbira anachozungumza nyumbani kinakaribiana sana na Kinyarwanda. Kama kuna mtu wa kuwafundisha wenzake kusema muraho (habari) na murakoze (asante) bila kuyavunja maneno, ni yeye.

Zaidi ya hayo, sehemu nzito kuliko zote za maandalizi haiko ng'ambo. Mwaka 1994 maiti zilibebwa na mto Nyabarongo hadi Kagera, na Kagera ikazimwaga katika Ziwa Viktoria. Wavuvi na wanakijiji wa upande wetu waliziopoa kwa mikono yao na kuzizika, nasi tuliokuwa watoto wakati ule tunakumbuka nyumba zetu zikikataa samaki kwa miezi. Makaburi hayo yapo mpaka leo Kasensero, Lambu na Ggolo, na kwa jumla yanahifadhi watu zaidi ya 10,000. Ggolo iko wilaya ya Mpigi, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kampala, bila mpaka wala pasipoti, na gharama yake ni mafuta ya basi na chakula cha mchana. Darasa lote likienda Ggolo wiki ya nane au ya tisa, watakaofika Gisozi watafika wakijua kwamba historia ile iligusa pwani yetu, na wasiokwenda Gisozi hawatakuwa wamenyimwa jambo kuu. Nimewauliza wazazi kadhaa tangu mkutano ule, na wengi hawakuwa wakijua kwamba makaburi hayo yapo. Tunapeleka watoto kilomita 510 kuyatafuta yaliyo karibu na shamba la babu yao.

Kuhusu wale wanaohofia kwamba maandalizi yataua mshangao, ninakubaliana nao kwa sehemu. Hakuna haja ya kuwaonyesha watoto video ya kila jengo watakaloliona, wala kuwaandikia cha kuhisi. Kuna mambo ni heri wakutane nayo wenyewe: magari yanayopita upande wa kulia, vilima vya Gicumbi asubuhi, usafi wa barabara, au afisa wa mpakani atakayewavua makaveera, yaani mifuko ya plastiki, yaliyofungiwa chapati, kwa kuwa Rwanda iliyapiga marufuku tangu 2008. Ingawa hili la kuvuka barabara ningependa walijue mapema, maana mtoto aliyezoea kutazama kulia kwanza anaweza kupoteza maisha kwa mazoea tu.

Ninapoachana na walimu ni kwenye ile kanuni ya vipindi vitatu. Wanafunzi wanaokosa masomo kwa wiki nzima, mara nyingi, ni wale waliorudishwa nyumbani kufuata karo. Mzazi aliyelipa safari kidogo kidogo tangu muhula wa kwanza, akachelewa na salio la karo, ataona mwanawe akiadhibiwa mara mbili kwa umaskini mmoja. Aliyekosa na apewe mwenzake wa kumfundisha aliyoyakosa, kisha mwalimu amuulize maswali machache ana kwa ana, akijibu, aende. Anayekataa kujifunza kwa makusudi ni jambo lingine, na sidhani atakuwepo zaidi ya mmoja.

Mkutano uliahirishwa bila uamuzi, na tutakaa tena baada ya wiki tatu. Nimeomba mambo mawili yaingizwe kwenye ajenda: vipindi viwe vya darasa lote, na basi la Ggolo lilipiwe kutoka mfuko wa shule badala ya mifuko ya wanaosafiri. Yule mama wa sauti ya chini ameniambia ataunga mkono la pili, na la kwanza analifikiria.